Mapacha Waliotenganishwa Dirishani

Karakana ya vitanda ilikuwa nyuma ya duka la dawa, kwenye banda ambalo zamani lilihifadhi makaa ya mawe. Walifanya kazi humo watu wawili. Mmoja alikuwa mwenye karakana, mzaliwa wa mtaa ule, aliyeitwa Mzee na kila mtu, hata na waliomzidi umri. Wa pili alikuwa mgeni aliyefika mjini pale miaka kumi na moja nyuma akiwa na begi moja na randa ya mkono, na mtaani alijulikana kwa jina la Fundi, basi.

Fundi alikuwa na tabia iliyowachosha wateja. Hakukubali kupewa vipimo vya kitanda kwa simu. Alikwenda mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akasimama katikati ya chumba na kuuliza, "Hapa watalala wangapi? Nani na nani?" Ndipo alipotoa futi mfukoni. Kwa njia hiyo aliingia vyumba vya kulala vya karibu mtaa mzima, na akauona mtaa ukibadilika kuanzia kitandani.

Alipoanza kazi, karibu vitanda vyote vilivyoagizwa vilikuwa vya aina moja: virefu kwenda juu, vya watu wasioweza kuinama, vyenye kishikio kila upande. Wenye vitanda hivyo waliishi wawili wawili, kisha mmoja mmoja, katika nyumba zenye vyumba vilivyofungwa kwa ufunguo. Watoto wao walikuwa wamehamia miji mikubwa au ng'ambo na walipiga simu Jumapili. Stoo ya karakana ilikuwa na vitanda vya watoto wachanga ambavyo havikupata mnunuzi, na paka wa duka la dawa alikuwa akizalia katika kimojawapo.

"Huyu paka," Mzee alipenda kusema, "ndiye mzazi pekee tuliyebaki naye."

Kisha wageni wakaja. Kwanza wanaume wa kiwanda cha biskuti, walioagiza vitanda vya ghorofa na kulala kwa zamu, huyu akiamka kwenda kazini yule anajilaza kwenye shuka lile lile lenye joto. Wakafuata wanawake walioajiriwa kuwaogesha na kuwalisha wazee. Waliopata vibali vya kudumu wakaleta wenzi wao na watoto, na paka akafukuzwa stoo kwa sababu vitanda vidogo vilianza kutoka tena. Lililomshangaza Mzee ni lililofuata. Watoto wakubwa wa wageni hao, waliofika wakiwa vijana, waliolewa na kuoa wakiwa wamechelewa, wakaja karakana kuagiza kitanda kimoja kipana na kimoja kidogo, sawasawa na wenyeji.

"Mmeambukizwa," Mzee alimwambia Fundi. "Wazazi wao walikuja ukoo mzima. Hawa wanataka mtoto mmoja na televisheni."

"Televisheni haiumwi meno, Mzee."

"Wala haikuziki, kijana."

Fundi, aliyekuwa anakaribia miaka hamsini na bado anaitwa kijana, alikuwa analala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Wenzake walimtania sana kwa hilo. Alijibu kwamba kitanda chake atakitengeneza siku mkewe akifika, kwa sababu mwenye kauli juu ya kitanda ni mwanamke. Familia yake ilikuwa ndani ya simu: mkewe, na mabinti wawili wa miaka kumi na saba ambao watu wa kwao waliwaita Redio na Kimya. Sababu ya majina hayo mtu aliielewa baada ya dakika moja ya mazungumzo. Redio alianza kusema kabla simu haijashika vizuri. Kimya alisubiri mwenzake avute pumzi, akauliza, "Baba, umekula?" kisha akarudisha simu.

Sheria ya nchi ile ilimruhusu mfanyakazi wa muda mrefu kumleta mwenzi wake na watoto wasiotimiza miaka kumi na minane. Fundi alikuwa ameifukuzia sheria hiyo mwaka baada ya mwaka. Mara alihitaji mkataba wa kazi wa kudumu, mara mtihani wa lugha, mara nyumba yenye vyumba vya kutosha. Sasa vyote alikuwa navyo. Alikuwa amepanga vyumba vitatu juu ya duka la viatu, chumba kimoja kikiwa na dirisha linaloangalia bustani, cha mabinti. Kilichobaki ni kibali kutoka kabla mabinti hawajatimiza umri. Wakishautimiza wangekuwa watu wazima, na mtu mzima haombewi na baba yake.

Na mabinti wote wawili walikuwa wake, isipokuwa kwa jambo moja.

Kimya alikuwa mtoto wa mdogo wake Fundi. Mama yake alifariki siku alipomzaa, katika hospitali ile ile ambayo mke wa Fundi alikuwa amejifungua Redio wiki chache kabla. Mke wa Fundi alikwenda kuchukua mwili wa shemeji yake, akarudi na kichanga. Hakumuuliza mtu. Alikaa mkekani, akamweka Redio titi la kushoto na yule mwingine la kulia, na tangu siku hiyo akaitwa Mama Mapacha. Baba wa mtoto, kijana aliyekuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kufanya kazi, aliishi mwaka mmoja tu baada ya hapo, akafa kwa homa.

Baada ya mazishi hayo ya pili, mama yake Fundi aliwakusanya watu wa nyumbani, akawaambia kwamba asisikie mtu anasema "mtoto wa marehemu" ndani ya ua wake. Mtoto ana mama, ana baba, ana pacha, anahitaji nini tena? Mwenye ulimi mrefu aende akaishi kwingine. Watu wakatii, kwanza kwa kumwogopa, baadaye kwa mazoea, na mwishowe kwa sababu hata wao walianza kusahau. Wakati wa kuwaandikisha shule ulipofika, walichukuliwa vyeti vya kuzaliwa siku moja, vyenye tarehe moja, baba mmoja na mama mmoja. Karani aliyeviandika alikuwa jirani. Alijua, na alitabasamu.

Mtu akishangaa mapacha gani hawa, mmoja mrefu mweusi tititi na mwingine mfupi wa maji ya kunde, mama yake Fundi alikuwa na jibu: "Hawakuelewana tangu tumboni, kila mmoja akatoka na sura yake." Watu walicheka, yakaisha.

Siku ya mahojiano katika ofisi ya uhamiaji, Fundi alivaa shati jeupe na kukata kucha ili gundi isionekane. Afisa alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua, aliyeomba radhi kila alipopiga chafya. Lugha ya pale Fundi aliijua vizuri. Alikuwa ameitumia kubishana na wauza mbao kwa miaka kumi na moja.

"Una watoto wangapi?"

"Wawili. Mabinti. Mapacha."

Afisa akazitazama picha mbili, akazisogeza zikakaa karibu karibu. "Mapacha hawa?"

"Hawakuelewana tangu tumboni," alisema Fundi.

Afisa hakucheka. Alieleza kwa upole kwamba panapokuwa na shaka, ofisi huomba kipimo cha vinasaba. Pamba inapitishwa ndani ya shavu, haiumi. Kisha akaweka kalamu chini. "Bwana, kama kuna jambo ungependa kunieleza kabla ya kipimo, hapa ndipo pa kulieleza. Mtoto wa kulea ana njia yake. Ni ndefu, lakini ipo."

Afisa akapiga chafya mara nyingine, akaomba radhi. Mambo mawili yalikuwa yanapita kichwani mwa Fundi. La kwanza ni kwamba Kimya mwenyewe hajui. Angemwambiaje mtu wa mafua, asiyemjua hata kwa jina, jambo ambalo hajamwambia mwenye nalo? La pili, ambalo baadaye lilimfanya Mzee ashike kichwa, ni kwamba Fundi hakukiogopa kipimo. Yeye na mdogo wake walikuwa baba mmoja, mama mmoja. Damu ya mdogo wake ilikuwa damu yake, hivyo ndivyo alivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyoamini, kama anavyoamini kwamba mbao mbili za mti mmoja zina harufu moja. Hiyo pamba ingeona nini zaidi ya ukoo wake?

"Ni wangu wote wawili," alisema.

"Una hakika?"

"Dada, mtu atakosaje kujua watoto wake?"

Afisa akaandika.

Majibu yalitoka upande wa kwao kabla hayajamfikia yeye. Mkewe na mabinti waliitwa ubalozini. Palikuwa na ukumbi wenye viti vya chuma, watu wamejaa, na dirisha la kioo kinene ambalo karani wa nyuma yake alisikika kupitia kipaza sauti kilichotundikwa juu. Kila alichosema kwa mtu mmoja kilisikika kwa kila mtu. Mkewe Fundi alimsimulia kwa simu wakati wa mapumziko ya mchana, naye akiwa amekaa juu ya rundo la mbao, mkate mkononi.

"Tukasimama watatu dirishani," alisema mkewe. "Akasema, mama, wewe umekubaliwa. Huyu mrefu amekubaliwa. Huyu mwingine si mwanao."

"Alisema hivyo?"

"Kwa kipaza sauti, Baba Mapacha. Ukumbi mzima ukageuka. Nikamwambia, rudia, hujasoma vizuri. Akarudia. Akasema kwa mumeo ni ndugu wa damu, lakini si mtoto. Kwako wewe si chochote."

Fundi aliuweka mkate juu ya ubao.

"Redio akamwambia labda ni yeye karani aliyeokotwa. Mlinzi akaja. Nikawashika mikono tukatoka."

"Na Kimya?"

"Kimya alisema asante. Kwa yule karani. Akasema asante, akachukua mkoba wangu niliousahau pale dirishani."

Kuna mambo ambayo Fundi alikuwa ameyapanga kumwambia Kimya siku moja, akiwa ameolewa, labda akiwa na mtoto wake wa kwanza mapajani, wakati ambapo jambo lile lingekuwa hadithi tu ya zamani. Sasa alilazimika kuyasema kwa simu, vumbi la mbao likiwa bado masikioni.

"Baba," alisema Kimya.

"Naam, mama."

"Umekula?"

"Nimekula." Mkate ulikuwa pale pale. "Mama, sikiliza..."

"Bibi amenieleza yote. Amelia mpaka tumempa maji." Akaishusha sauti. "Yeye alikuwa fundi pia?"

Fundi alielewa anaulizwa habari za mdogo wake. "Hapana. Aliharibu mbao nyingi. Nilimfukuza karakana mara mbili. Alikuwa anapenda kuchekesha watu."

"Kumbe hatukufanana."

"Mdomo wake ni huo wako. Ukicheka ni yeye."

"Na mama?"

"Hayo muulize mama yako, yeye ndiye..."

"Yupi?"

"Uliye naye," alisema Fundi.

"Basi wewe ni baba mkubwa."

"Mimi ni baba."

"Baba mkubwa ni baba," alisema Kimya, kwa sauti ya kumbembeleza, kama vile yeye ndiye mtu mzima na Fundi ndiye aliyeambiwa habari mbaya. "Usijali. Kula basi." Akarudisha simu.

Mzee alipoelezwa alikaa chini, akashika kichwa. "Kwa hiyo alikupa mlango, ukaufunga mwenyewe?"

"Nilidhani damu ni moja."

"Kijana, mimi na kaka yangu tumetoka tumbo moja na sikumpa hata figo." Kisha akaona uso wa Fundi, akaacha utani. "Kesho tunakwenda wote. Mimi ni raia. Nitawaambia."

Kesho yake Mzee alikuja amevaa tai aliyoivaa mara ya mwisho akimzika mkewe. Barabarani alikuwa anafanya mazoezi ya maneno kwa sauti ndogo. Afisa aliwapokea vizuri, mafua yalikuwa yamepona, akamvutia Mzee kiti.

"Binti," alianza Mzee, "mimi nimezaliwa hospitali ile pale chini. Wodi niliyozaliwa mmeifunga, siku hizi ni maegesho ya magari. Hamkupata tena wanawake wa kujifungua. Sivyo?"

"Ni kweli, mzee."

"Mtaani kwangu nyumba tisa zina mtu mmoja mmoja, na wengine tukiamka asubuhi tunashangaa. Huyu bwana anawaleteeni watoto wawili wamekwisha kulelewa, wanaoga wenyewe, wanasoma wenyewe. Mnamwambia mmoja amezidi?"

"Sisemi amezidi. Nasema si mtoto wake kisheria."

"Mtoto aliyenyonya kwa mkewe?"

"Sheria haiulizi kunyonya." Alisema hivyo bila kejeli, na masikio yake yakawa mekundu. Akafafanua, akihesabu kwa vidole juu ya meza. Taarifa isiyo ya kweli ilikuwa imekwisha kuandikwa. Angeweza kuwanyima wote, lakini alipendekeza mama na binti mmoja wasiadhibiwe, na wakubwa wake wamekubali. Rufaa ipo, ila inakwenda zaidi ya mwaka, na ndani ya mwaka Kimya atakuwa mtu mzima, hata ikishinda haitamfaa. Kumwomba upya kama mtoto wa kulea kunahitaji hukumu ya mahakama ya kwao, ambayo haikuwahi kutafutwa.

"Nani anakwenda mahakamani kuomba apewe mwanawe?" aliuliza Fundi.

"Najua," alisema afisa.

"Na Redio?"

"Kibali chake lazima akitumie kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Siku hiyo ikipita, kinakufa." Akasita. "Samahani. Sheria hii mimi sikuitunga."

Walipotoka, Mzee alisimama kwenye ngazi akahangaika na fundo la tai mpaka Fundi akamsaidia kulifungua. "Maisha yangu yote," alisema Mzee, "nilidhani pale ndani kuna mtu. Mtu unayeweza kumwambia." Mchana huo hakufanya kazi. Alikaa akimpigia simu mwanawe wa pekee, aliyekuwa nchi ya mbali na mbwa wawili, na simu haikupokelewa.

Yaliyobaki yaliamuliwa na mkewe Fundi. Alipiga mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia siku nyingine.

"Redio atakuja. Mimi sitoki."

"Mke wangu..."

"Niache nimalize. Nikimwacha Kimya sasa, nitakuwa nimekubaliana na kile kipaza sauti. Bibi yao hawezi kupika, haoni. Nimwachie nani? Nitajie jina."

"Basi nirudi mimi."

"Ukirudi, kibali cha Redio kinakwenda nawe. Tutakaa wote hapa na hakuna aliyepata."

"Tutakuwa pamoja."

"Baba Mapacha," alisema mkewe, polepole, "miaka kumi na moja umesema mwakani. Sikulaumu. Umekuja likizo mara nne. Mara mbili nilipata mimba, zote mbili zikaharibika, na zote mbili uliniuguza kwa simu. Mwenzangu wa hapa jirani ana watoto sita, mimi nimeishia mmoja niliyemzaa na mmoja niliyepewa. Sasa nichague? Usiniambie tutakuwa pamoja. Niambie utampokea mtoto vizuri."

"Nitampokea."

"Hataki kuja. Ujue hivyo."

Fundi aliendelea kujaribu. Alikwenda kwa wakili anayesaidia wageni bure siku za Alhamisi, akasubiri kwenye foleni ya watu wenye nyuso kama yake, akaambiwa yale yale kwa maneno marefu. Mwanamke mmoja kwenye foleni, mwuguzi wa wazee, alimwambia kwamba yeye aliruhusiwa watoto wawili kati ya watatu, kwa sababu wa kwanza alipitisha umri wakati karatasi ziko mezani. Walikaa bega kwa bega wakitazama ukuta. Hakuna aliyempa mwenzake ushauri.

Redio alifika uwanja wa ndege akiwa amevaa sweta la Kimya. Fundi alimtambua kwa mwendo, kwani mtoto aliyemwacha alikuwa na miaka sita na likizo nne hazikutosha kuizoea sura ile ikikua. Alimkumbatia. Redio alikaa ndani ya kumbatio hilo kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Safari ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Umechoka?"

"Hapana."

Mtoto aliyekuwa hanyamazi alikuwa amefunga mdomo. Kwa siku nyingi, maneno ya nyumba ile yalikuwa ndiyo, hapana na asante. Alikula alichopikiwa, akaosha vyombo vizuri, akakunja nguo. Kisha aliingia chumbani na simu, na Fundi akiwa jikoni alisikia Redio ile ya zamani ikifunguka: kicheko, masengenyo, kuiga sauti za majirani. Alisimama na sufuria mkononi akisikiliza. Siku moja alisogea mlangoni akiwa anatabasamu, ili naye aingie katika mazungumzo. Redio alipomwona akasema kwenye simu, "Ngoja," akamgeukia kwa adabu, akisubiri aseme shida yake. Fundi aliuliza kama anataka chai. Hakutaka.

Mzee alipojaribu kuwapatanisha aliambulia kidogo zaidi. Alimwonyesha binti karakana, paka, mashine ya kupasulia mbao.

"Baba yako ni fundi wa kwanza hapa," alimwambia. "Anajua kuuliza watu wanalalaje."

"Sisi hakutuuliza," alisema Redio.

Mzee akamtazama Fundi, kisha akaenda kuzima taa ya nyuma iliyokuwa haijawashwa.

Juma lililofuata Fundi alimpeleka kuandikishwa shule. Jengo lilikuwa kubwa, la nyakati za watu wengi. Walipita madarasa matatu yaliyofungwa, na katika korido madawati yalikuwa yamepandana hadi karibu na dari. Mwalimu mkuu, mwanamume mwenye chaki kwenye mkono wa koti, aliwapokea kwa furaha iliyowashangaza. Alisema wanafunzi wa mwaka ule hawatoshi. Wakipungua tena kidogo, darasa litavunjwa na watoto watapelekwa mji wa jirani kwa basi. Kila anayeingia ni neema. Alimwuliza Redio maswali ya hesabu, akafurahi, akamwuliza ya lugha, akasema itakuja.

"Hana ndugu?" alimgeukia Fundi. "Mkubwa, mdogo, yeyote wa kusoma?"

Redio ndiye aliyejibu, kwa lugha ya pale aliyojifunza nyumbani kwao kwenye mkeka mmoja na mwenzake, wakisahihishana.

"Ninaye pacha."

"Pacha!" Mwalimu mkuu akapiga makofi mara moja. "Darasa moja?"

"Darasa moja. Yeye hesabu ananishinda."

"Sasa yuko wapi? Mleteni hata kesho. Nafasi ipo, mnaona wenyewe."

Redio alimgeukia baba yake. Tangu siku ile ya uwanja wa ndege alikuwa hajamtazama machoni, na sasa alimtazama, na mwalimu mkuu naye akawa anamtazama, mmoja akitabasamu na mwingine akisubiri. Fundi alifungua mdomo. Alifikiria kipaza sauti, afisa na vidole vyake juu ya meza, mkewe akiwa ameshika mikono miwili akitoka ukumbini. Hakuna kati ya hayo lililokuwa na kichwa wala miguu ya kuelezwa kwenye korido.

"Atachelewa," alisema.

"Si kitu, tutamwekea." Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuvua koti. Alishusha dawati la juu kabisa, akalipangusa kwa kiganja, akalisukuma hadi darasani kando ya dirisha kwa ajili ya Redio. Akarudi kushusha la pili, ambalo lilikuwa zito na limenasa. "Bwana, nisaidie upande huo."

Fundi alishika upande ule, kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini kingine. Wakalibeba pamoja, mwalimu mkuu akitembea kinyumenyume na kutoa maelekezo, kulia kidogo, angalia kizingiti, wakampita Redio aliyekuwa amesimama mlangoni, na wakaliweka sambamba na la kwanza.